Pini ya Shanga

Wateja wangu wa zamani wakiingia dukani hutazama miguu kwanza, uso baadaye. Siwalaumu. Wapo waliosikia nimekatwa miguu yote miwili, wapo waliosikia nimekufa, na mama mmoja kutoka Tandika alikuja amevaa kimsiba kabisa, machozi yako tayari. Akanikuta nimesimama nyuma ya meza, natandaza khanga. Alipomaliza kushtuka nilimuuzia doti mbili.

Nimeamua kuandika mwenyewe jinsi ilivyokuwa, nisiwaachie watu wa Kariakoo kazi ya kuitunga. Na nikiandika, lazima niseme na lile la aibu, maana bila hilo hadithi haina miguu, na mimi pia nisingekuwa nayo.

Nilianguka asubuhi, duka limejaa. Mteja alitaka khanga za zambarau na nilijua ziko kwenye robota la juu kabisa, karibu na dari. Mimi si mtu wa kusubiri kuletewa ngazi na kushikiwa. Nikapanda mwenyewe, nikavuta robota, robota likaja, na mimi nikaja nalo. Mgongo ulipiga ukingo wa meza. Maumivu hayakuwa makubwa kama watu wanavyodhani. Kilichonitisha ni ukimya uliokuja kuanzia kitovuni kushuka chini, kama chumba cha jirani aliyehama. Nikamwambia yule mteja, "Hebu nishushie miguu." Akanitazama, akasema, "Mama, mbona iko chini?"

Hospitali waliniambia uti wa mgongo haukukatika. Umepondeka, mahali mbavu zinapoishia. Mifupa yenyewe haikuhitaji kufungwa vyuma, kwa hiyo hawakunipasua. Nililala wodini wiki nyingi, nikarudishwa nyumbani Kariakoo juu ya kiti cha magurudumu, na aliyenipokea mlangoni alikuwa wifi yangu. Kaka yake aliniacha zaidi ya miaka kumi iliyopita; yeye hakuniacha. Watu wakimuuliza anafanya nini kwangu, huwajibu, "Talaka alitoa kaka, mimi sikutoa." Ana mdomo mkali kuliko wangu, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Nilitaka kitu kimoja tu. Sikuomba kukimbia wala kucheza ngoma. Nilitaka kusimama nyuma ya meza yangu. Khanga haiuzwi kwa kukaa. Unaishika pembe mbili, unainua mikono, unaitandaza yote mbele ya kifua ili mteja aone mji, lile pambo la katikati, na asome maneno, na kama maneno yanamchoma jirani yake, atacheka na kununua. Nikiwa kwenye kile kiti nilijaribu mara moja. Khanga ikaburuta sakafuni, mteja akanionea huruma akanunua asichokitaka. Nilimwambia wifi anifungie duka.

Ndipo akaja daktari wa utafiti. Alikuwa mwanamke wa Kihindi, mzaliwa wa mjini hapa hapa, anayeongea Kiswahili cha mitaani kunishinda. Aliniita kwenye chumba chake kule hospitalini, upande wa pili wa viwanja vya Mnazi Mmoja, akakaa juu ya kistuli ili macho yetu yalingane. Hilo lilinipendeza kabla hajafungua mdomo.

"Uti wa mgongo ukiumia," akasema, "chembe nyeupe za damu zinakimbilia pale. Zinasafisha, zinakula uchafu. Hiyo ni kazi yao. Ila zikikaa mno, zinaanza kula mpaka vilivyo vizima."

"Kama duka likiungua," nikamwambia. "Wa kwanza kuingia wanakuja kuokoa. Wale ambao bado wamo ndani jioni hawakuja kuokoa."

Alicheka sana, akaomba ruhusa ya kuwaambia wagonjwa wengine hivyo hivyo. Nikampa.

Shida yao, alinieleza, ilikuwa kuziona chembe zile ndani ya mtu aliye hai bila kumpasua. Kwa hiyo walikuwa wanachoma mshipani dawa yenye vumbi la chuma, laini kuliko wanja. Chembe nyeupe zinalimeza lile vumbi. Kisha mgonjwa anaingizwa kwenye mashine ya MRI, ambayo ni sumaku kubwa, na kila penye chuma picha inatoka nyeusi. Weusi ukiwa mwingi, maana yake kidonda bado kinawaka, chembe zimejazana. Ukiwa kidogo, kidonda kimeshapoa, na mgonjwa anaingia kwenye kundi la mazoezi: unaning'inizwa kwa mikanda kutoka darini, miguu inatembezwa juu ya mashine, kila siku, miezi na miezi, mpaka mishipa iliyobaki ijifunze upya. Wenye kidonda kinachowaka wangesubiri, maana walihofia mazoezi yatawaumiza. Nafasi zilikuwa chache na kundi lilikuwa linaanza Jumatatu ya wiki iliyofuata.

"Mimi nimepoa," nikamwambia. "Andika jina."

"Picha ndiyo itasema, dada."

Siku ya picha, nikiwa nimeshachomwa ile dawa jana yake, aliyesimamia mashine alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na alama ya sijda kwenye paji la uso. Nilimtambua palepale. Anaswali msikiti mmoja na baba yangu mkubwa. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba," akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akavaa miwani na kusoma karatasi yake.

"Saa? Pete? Hereni? Bangili? Meno ya bandia? Umewahi kuwekewa chuma chochote?"

"Vyote nimevua, baba."

"Kuna kitu kingine chochote mwilini?"

"Sina, baba."

Nilikuwa nacho. Nilikuwa na shanga kiunoni, nyuzi tatu, ambazo bibi yangu alinivisha nilipokuwa mwali na sijawahi kuzivua ila kuzitunga upya. Mwanamke wa pwani hatahitaji kuelezwa, ila nitawaeleza wengine. Shanga za kiunoni si kama hereni. Hereni ni za watu wote. Shanga hazitajwi mbele ya mwanaume ambaye si mumeo, seuze mzee anayeweza kukaa jamvi moja na baba yako mkubwa. Hata wifi, aliponibadilisha nguo nyuma ya pazia, alinivua bangili, akanivua kipini cha pua, akafika kiunoni akapita kama hajaona kitu. Hayo ndiyo malezi. Na moyoni nilijitetea kwamba shanga ni kioo, wao wanauliza chuma.

Nilichokisahau ni pini. Mwezi mmoja kabla sijaanguka uzi mmoja ulikatika, nami nikaziunga nyuzi zote tatu nyuma kwa pini ya nguo, nikaifunga kitambaa isinichome, nikasema Ijumaa nitazitunga vizuri. Ijumaa zikapita, nikaanguka, na tangu nianguke sikuwa nasikia chochote huko chini cha kunikumbusha.

Wakaniingiza kwenye lile tundu. Kelele zake ni za mafundi wa mabati wa mtaa wa Gerezani wakiwa wamepata tenda. Nililala chali bila kutikisika, shanga zimenipanda juu kuelekea mbavuni, nikimwomba Mungu chembe zangu ziwe zimeshaondoka.

Baada ya siku mbili daktari aliniita. Kabla hajasema nilijua, maana hakukaa kwenye kistuli. Alinigeuzia kioo cha kompyuta. Uti wangu wa mgongo ulikuwa umeanza vizuri juu, mstari wa kijivu uliotulia, halafu katikati kukawa na doa jeusi kubwa kama ngumi, limemeza kila kitu, mfupa, uti na kidonda chenyewe.

"Nimekaa na hii picha tangu jana," akasema. "Mwenzangu mmoja anasema huu weusi umezidi, chembe haziwezi. Anasema ni chuma. Niambie ukweli. Uliwahi kupigwa risasi? Sindano iliwahi kukatikia mgongoni?"

"Mimi? Nauza khanga tu, daktari."

"Kipande chochote? Hata cha zamani?"

"Hakuna."

Alishusha pumzi. Walikuwa wamebakiwa na maelezo mawili, nami kwa ulimi wangu nimelifuta moja. "Basi kidonda kinawaka, tena vibaya. Siwezi kukuweka kwenye kundi. Tutasubiri miezi minne tupige nyingine."

Nililia kuanzia pale mpaka nyumbani. Nilizitukana chembe zangu nyeupe matusi ya sokoni, moja moja, na wifi hakunizuia. Usiku na mchana nilikuwa naliona lile doa. Niliamini kabisa kwamba mwili wangu unanila, na kwamba meza yangu dukani nitaishia kuiona kwa chini, kama mtoto anavyoiona.

Jumapili asubuhi wifi aliniogesha. Aliponigeuza ubavu aliinama, akapatazama pale kiunoni ambapo siku zote hupita haraka.

"Wewe," akasema. "Hii pini umeweka lini?"

"Pini gani?"

"Imefunguka. Imekuchoma hapa nyuma, damu imekauka. Jamani, na husikii!" Akaichomoa, akaniletea mbele ya macho. Ilikuwa pini ya kawaida kabisa, ya chuma, urefu wa kidole cha mwisho. "Ungepata kidonda ukaoza nacho, halafu watu waseme wifi yake hamwogeshi."

Aliendelea kusema na mimi sikuwa namsikia. Nilikuwa naitazama ile pini. Kila penye chuma, picha inatoka nyeusi. Daktari alinieleza hilo kwa Kiswahili safi, akaniuliza chuma tena na tena, na mimi nikakana kila mara.

"Wifi," nikamwambia, "nilikuwa nayo siku ya picha."

Aliacha kusugua. Hakwenda shule sana, lakini akili yake haina foleni. "Kwa hiyo lile doa..."

"Sijui. Labda."

Sasa nitasema ukweli wote, kwa kuwa nimeshaanza. Nilifikiria kunyamaza. Pini imeshatoka, ningesubiri miezi minne, picha ya pili ingetoka safi, madaktari wangeshangilia kupona kwangu, na hakuna mzee yeyote wa msikitini ambaye angejua nini kilikuwa kiunoni mwangu. Nililala nalo wazo hilo kutwa nzima. Kilichonitoa kilikuwa hasira. Nilijiuliza, miezi minne ya kukaa kwenye kiti, kwa ajili ya kuonea aibu shanga zangu mwenyewe? Bibi alinivisha niringe nazo, hakunivisha zinifunge.

Jumatatu tukaamka na alfajiri. Bajaji ya kwanza ilikataa kiti, ya pili ilikubali kiti ikanikataa mimi. Wifi akafunga khanga yake kiunoni mafundo mawili akasema, "Nakusukuma." Tukatoka hivyo, kwa miguu yake, kupitia katikati ya maduka yanayofunguliwa. Wabeba mizigo walipotuona walianza kupiga kelele kutufungulia njia, "Pisha! Pisha mama wa khanga!" na mikokoteni ikasogezwa, na muuza kahawa akavuta benchi lake. Mnazi Mmoja tuliivuka kwenye vumbi na majani, gurudumu moja linalalamika, wifi anahema na kunilaumu kwa uzito wangu. Nilicheka. Tangu nianguke nilikuwa sijacheka namna ile.

Daktari alikuwa anajiandaa kwenda kwenye kundi la mazoezi. Nilimwekea pini mezani, juu ya leso.

"Hii hapa risasi yangu," nikamwambia. "Ilikuwa kwenye shanga. Kiunoni. Niliulizwa nikakana."

Aliitazama, akanitazama, akajifunika uso kwa viganja. Nikadhani ananilaani. Mabega yake yalipoanza kutikisika ndipo nikajua anacheka, na alipofunua uso macho yake yalikuwa na machozi. "Jamani, Bongo hii!" akasema. "Tumekesha na picha hii. Tumebishana mpaka tukanuniana. Pini!" Kisha akawa makini ghafla. "Nitamwambia mzee ilikuwa pini ya nguo. Hana haja ya kujua zaidi."

Ilikuwa njia nzuri ya kutokea na nilikaribia kuishika. "Hapana," nikasema. "Mwite."

Mzee akaja. Nikasema nikiwa natazama magoti yangu. "Baba, nilikudanganya. Uliniuliza nikasema sina. Nilikuwa na shanga, zimeungwa kwa pini. Naomba radhi."

Yeye naye alitazama sakafu. Wifi alitazama dirisha. Mzee alipojibu, sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu jambo. "Ingeweza kukuunguza, mwanangu, na usingesikia. Ile sumaku haina mchezo na chuma." Akavua miwani. "Nimeuliza swali lile miaka yote, mbele ya pazia, kwa sauti ya kiume. Wanawake wangapi wamenijibu sina? Kosa si lako peke yako."

Wakanipiga picha upya asubuhi ileile, kwa sababu vumbi la ile dawa lilikuwa bado halijaisha kwenye chembe. Shanga nilimwachia wifi, akazifunga kwenye leso na kuzitia kifuani. Mafundi wa Gerezani wakagonga mabati yao. Nilipotolewa, daktari hakusubiri siku mbili. Alikuja mbio na kistuli chake mkononi.

Doa halikuwepo. Mstari wa kijivu uliteremka, ukafika penye kidonda ukawa mwembamba na wenye kovu, lakini ulipita. Ulikuwa mzima mpaka chini. Pembezoni mwa kovu kulikuwa na vidoadoa vyeusi vichache, vidogo kama wadudu wa mchele.

"Hizo ndizo chembe zako," akasema. "Zinaondoka. Duka lako limeshazimwa moto zamani."

Niliomba anirudishie ile picha nizitazame chembe zangu vizuri. Nikaziomba radhi kwa matusi.

Jumatatu ileile nilining'inizwa darini. Sitasema mazoezi yalikuwa rahisi. Yalikuwa ya kuchosha na ya kuchosha tena, miguu yangu ikiburutwa kama ya mtu mwingine, na kuna siku nilimfukuza wifi chumbani ili asinione nikilia. Lakini nilikuwa ndani ya kundi. Na siku za kipimo zilipofika kwa wagonjwa wapya, mzee aliniomba jambo, tena kwa heshima: niwe nyuma ya pazia na akina mama kabla yeye hajaanza karatasi yake. Nikawa nauliza mimi. "Saa umevua? Pete? Haya dada, tuko wenyewe hapa. Na kiunoni?" Hungeamini nilivyovikuta. Shanga, ndiyo, lakini pia hirizi, funguo za kabati na njuga mbili. Wote walicheka kabla ya kuvua, na wote walianza kwa kusema sina.

Shanga zangu mwenyewe zilikaa ndani ya kopo miezi mitano. Nilizitunga upya kwa uzi mtupu, fundo kwa fundo, bila chuma hata chembe, lakini sikuzivaa. Sikuona maana ya kuvaa kitu ambacho kiuno hakikijui. Siku moja baada ya swala ya alasiri wifi alichoka na lile kopo. Akanilaza, akasema, "Mwanamke gani anakaa mtupu hivi," akanizungushia uzi wa kwanza.

Nikapiga kelele.

Ilikuwa kelele kubwa, ya kutoka tumboni, na nyumba yetu ina wapangaji sita na uani kulikuwa na watu wanaosubiri maji. Wote wakaja mlangoni. Wanaume wawili, mzee wa chumba cha nyuma, mama muuza vitumbua na mwiko wake. "Kuna nini? Kaanguka tena?"

Wifi alisimama mlangoni akiwa amelizuia pazia, nyuzi mbili zilizobaki amezificha mgongoni. Hakuweza kuwaambia, mnajua kwa nini. Alikuwa analia kama mtoto na bado akili yake haikuwa na foleni.

"Anasikia baridi," akawaambia.

"Baridi?" akauliza yule mzee. "Kwa joto hili la Dar?"

"Baridi!" nikapiga kelele kutoka kitandani, nacheka na kulia pamoja, mkono nimeuweka juu ya kiuno changu, ambapo punje ndogo za kioo, moja baada ya nyingine, zilikuwa zinanigusa. "Waambie ni baridi kweli! Funga na wa pili, wifi!"